Sababu Tano za Kuhama

"Binadamu wa kale walihama kufuata chakula—"

"Chakula kiko sufuriani, funua ule!"

"—na maji—"

"Maji yanatoka bombani tangu jana, tena kwa kishindo!"

"—na wanyama wa kuwinda, mke wangu! Mnyama akihama, na wewe—"

"Mnyama gani umewahi kuwinda wewe? Hata panya wa jikoni nilimuua mimi, kwa pasi!"

Fundi alikuwa amekalia cherehani. Si kiti chake. Alikalia meza ya cherehani yenyewe, miguu ikining'inia, futi ya kupimia shingoni, kama mtu aliyekimbilia jiwe wakati wa mafuriko. Mbele yake mumewe, mwalimu wa historia ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Mawe kwa jinsi alivyohusudu zama za mawe, alikuwa ameshakunja godoro na kulisimamisha. Mlangoni alisimama mchukuzi wa mkokoteni, kamba mkononi, akingoja wenye ndoa wamalize. Hii ilikuwa mara ya saba kuwahamisha ndani ya miaka tisa. Hata mguu wa kabati unaolegea alikuwa anaujua.

Kila walipohama, Fundi aliacha wateja nyuma. Watu walikuta mlango umefungwa, wakamlaani yeye na uzi wake. Hapa, kwa mara ya kwanza, alipata chumba chenye dirisha la barabarani, na wateja walishaizoea njia. Magauni matatu yalining'inia ukutani, moja bado halina mkono. Akihama leo, anaanza tena na moja.

"Sababu ya nne," Mwalimu akakunja kidole, "mabadiliko ya hali ya hewa."

"Hewa imebadilika tangu ulipobandua tangazo la mama mwenye nyumba!"

Mwalimu akakohoa. Mchukuzi akasogea ndani hatua moja. "Tangazo gani, shemeji?"

"La kukataza watu kufua bombani. Kalisahihisha kwa kalamu nyekundu! Tatu juu ya kumi. 'Hoja hazina mifano. Jitahidi.' Halafu kalibandika tena pale pale getini!"

Mchukuzi akaweka kamba chini ili acheke vizuri. "Afadhali tangazo. Nyumba ya tatu si aliipa alama risala ya marehemu, watu bado wako makaburini?"

"Haikuwa na utangulizi," Mwalimu akajitetea.

"Shukuru mfiwa hakuwa na nguvu za kukurushia koleo," Fundi akasema.

"Mke wangu, kundi likikaa mahali pamoja muda mrefu—"

"Sasa nisikilize mimi. Hao watu wako wa kale chakula walikuwa nacho. Ila kila kundi lilikuwa na mmoja asiyejua kufunga mdomo. Anaudhi majirani leo, kesho ukoo mzima unabeba vibuyu. Hizo sababu zako nyingine walizitunga njiani, kumsitiri!"

"Hilo halimo kwenye muhtasari."

Ndipo ziliposikika ndara kwenye korido. Mama mwenye nyumba akatokea mlangoni, karatasi mkononi, uso umekazwa kama ngoma. Mwalimu, mtu wa kutetemesha madarasa matano, akajisogeza taratibu nyuma ya godoro.

"Nani kaandika kwenye tangazo langu?"

Fundi akalitazama godoro. Akayatazama magauni.

"Mume wangu," akasema. "Yeye anahama. Mimi na cherehani tunabaki, kama utaturuhusu."

Mchukuzi akatazama dari. Godoro likaguna.

Mama mwenye nyumba akaingia. Alilizunguka godoro, akamwekea Mwalimu karatasi kifuani. Halikuwa tangazo. Zilikuwa kurasa nne za barua, mwandiko wa mtu mwenye haraka.

"Baba watoto wangu alihama hapa mwaka juzi bila hata kuaga. Leo kaandika anataka kurudi, na kaeleza sababu zilizomwondoa. Nasoma, nasoma, naona machozi tu, hoja siioni." Akavuta kiti cha Fundi, akakaa. "Nisahihishie hii, Mwalimu. Na usimhurumie."