Maji ya Kumwoshea Bi Mwanaharusi

Kisiwani Fungutando kila mzee ana dumu lake mvunguni mwa kitanda. Halina asali wala mafuta. Lina maji matamu yaliyoletwa kwa boti kutoka Bagamoyo, nalo haliguswi mpaka siku mwenyewe atakapokufa na kuoshwa. Sheikh kashasema mara nyingi kwamba maji ya bahari yanatosha kumwosha maiti. Wazee humwitikia vizuri, kisha hurudi kwenye madumu yao. Bi Mwanaharusi alikuwa na jibu lake.

"Maisha yangu yote naoga maji ya chumvi, ngozi imekuwa ya papa mkavu. Siku ya kwenda kwa Mola wangu, nami nioge kama watu."

Mwenye bomba uani hawezi kuyaelewa haya. Na mwiko ulikuwepo: dumu likifunguliwa kabla ya siku yake, linaita mauti nyumbani.

Basi siku hiyo Adila, mjukuu wake, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliamka anaharisha. Baba yake alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi upande wa Saadani. Mama yake, Sikuzani, alimpa maji ya kisima, yale ya chumvichumvi, mtoto akayatapika yote. Zahanati? Ipo, jiwe lake la msingi. Waheshimiwa walikuja kuliweka, wakapiga picha, wakaenda zao. Sasa mbuzi ndio wanaolilalia.

Sikuzani akakimbilia mwambani penye mtandao, akampigia Twalib, mwenye boti ya kuleta maji.

"Niko na watalii, shemeji, kwenye fungu la mchanga. Nikiwarudisha tu, nachota maji nakuja."

"Mtoto anakwisha, Twalib!"

"Nakuja, wallahi."

Na Bagamoyo ilikuwa pale pale, mabati yake yakimetameta juani. Hospitali unaiona kwa macho, kuifikia huwezi, vyombo vyote viko dago.

"Mama, dumu lako," Sikuzani alimwambia mkwewe aliporudi.

Bi Mwanaharusi akatikisa kichwa. Haukuwa uchoyo, asisingiziwe. Aliogopa.

"Nikilifungua, namkaribisha Izraili mwenyewe humu ndani. Twalib kasema anakuja. Tusubiri."

Wakasubiri. Adhuhuri ikapita. Adila alilia mpaka machozi yakakauka, kisha na sauti ikakauka. Alasiri ilipoadhiniwa alimtazama bibi yake kwa macho yaliyozama ndani, halafu akaacha kumtazama. Hapo Bi Mwanaharusi akalivuta dumu, akang'oa mfuniko kwa meno, akakoroga maji na sukari na chumvi kidogo, akamnywesha kwa kijiko. Mtoto akameza. Akameza tena. Sikuzani akacheka huku analia.

Baadaye maji yakawa yanatoka pembeni mwa mdomo na kushuka shingoni. Bibi hakuacha kunywesha, mpaka Sikuzani akamshika mkono.

Walimwosha Adila kwa maji ya dumu lile lile. Mwili wenyewe ulikuwa mdogo, haukuyamaliza.

Ndipo Twalib akafika mbio, jasho linamtiririka, boti imejaa madumu ya maji.

"Shikamoo, bibi. Mgonjwa yuko wapi? Tumpakie twende."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa kashaoshwa."

Twalib akakaa chini mchangani. Jirani mmoja akanong'ona kwamba ndiyo hayo, dumu lilifunguliwa kabla ya siku yake. Bi Mwanaharusi alimsikia.

"Dumu halikumwita mtu," akasema. "Mtoto alikuwa na kiu, na mimi nikawa nalinda maji ya kumwoshea maiti."

Akamimina yaliyobaki kwenye kikombe, akampa Sikuzani, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Sikuzani alikitazama kikombe kwa muda mrefu, kisha akanywa.

Twalib akainuka, akalichukua dumu. "Nitakujazia, bibi. Nitalirudisha mvunguni."

"Lijaze," akasema Bi Mwanaharusi, "lakini liweke mlangoni, na kikombe juu yake. Mimi mtaniosha kwa maji ya bahari."