Hodi Kabla ya Dawa

Nesi alisema wangeruhusiwa kurudi nyumbani leo, mradi mama aonyeshe kwamba anaweza kuusafisha mpira wa dawa uliopandikizwa kifuani mwa binti yake. Mwezi uliopita vijidudu vilipenya hadi kwenye damu kupitia mpira huo huo, na homa ikamtetemesha mtoto mpaka kitanda kikalia. Kwa hiyo mtihani haukuwa na mzaha, ingawa msimamizi wake alikuwa binti huyo huyo mgonjwa, kipara kikimng'aa, wodi nzima ikimwita Bosi.

"Haya, bisha hodi," Bosi aliamuru.

Mama, mikono ameinawa ikatakata, akausugua mdomo wa mpira kwa pamba ya spiriti kama anayesugua sufuria la mkwewe. Kisha, kwa mazoea ya kupoza uji, akainama na kuupuliza: fuu.

Nesi akafumba macho. Bosi akajivuta nyuma.

"Mama, umebisha hodi vizuri, halafu umewajaza wageni wa kinywani mwako mlangoni."

"Nilitaka ukauke upesi, mwanangu."

"Utakauka wenyewe. Wewe subiri uambiwe karibu."

"Shikamoo, daktari," mama alisema, akachukua pamba mpya.

Akasugua upya, safari hii midomo ameibana kabisa. Wote watatu wakautazama mpira ukikauka.

"Karibu," Bosi akasema hatimaye.

Mama akachomeka bomba la sindano, akasukuma dawa taratibu. Nesi akatabasamu na kwenda kuwaandikia ruhusa.

"Mama, sasa unaweza kupumua," Bosi akamwambia.

"Nitapumua nyumbani," mama akajibu kwa pembe ya mdomo.