Oili Haifiki Juu

Wewe ulipita hapo. Usikane. Ulipita nje ya uzio wa kituo cha afya, barabara ya kwenda Majanji, ukasikia jenereta inagonga kama mtu anayepiga sufuria, ukaongeza mwendo. Mwaka juzi iligonga hivyohivyo ikafa katikati ya upasuaji. Tukamzika mama wa watu kule Sikuda, ukaja matangani, ukala, ukarudi kwako. Sisi wengine hatujasahau.

Atai hakusahau. Mchana wa Jumatano hii alipiga magoti kwenye banda la jenereta hiyohiyo, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imefunguliwa, pampu mpya ya oili mkononi. Ndani, akisubiri kupasuliwa, alilala Mugeni, mke wa kaka yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Tororo na mtu mwingine.

"Funga tu," alisema Fabiano, fundi wa kituo wa miaka yote, aliyemfundisha Atai kushika spana. "Kitu mpya hiyo. Mpya haikwanguliwi."

"Mzee, hebu tazama." Atai alipaka grisi kwenye uso wa pampu, akaikandamiza pale inapofungwa kwenye bloku ya injini, akaibandua. Alama ilionekana wazi: mdomo wa pampu ulikuwa mwembamba kuliko tundu la bloku, na ndani yake kiwanda kilikuwa kimeacha ukingo wa chuma uliofunika karibu nusu ya njia. "Oili itapita wapi hapa? Itaomba ruhusa?"

"Tutaweka oili nzito. Geji itapanda."

"Ndivyo ulivyofanya mwaka juzi. Geji ikapanda, huku juu kukawa kukavu, injini ikashikana. Geji inakwambia msukumo, Mzee. Haikwambii kama oili imefika."

Mlangoni akatokea Sista Nasirumbi, mkubwa wa chumba cha upasuaji, glavu mkononi.

"Atai, mapigo ya mtoto yanashuka. Unawasha lini?"

"Nikiwasha ilivyo, itawazimikia mkiwa mmeshafungua tumbo."

"Na usipowasha, sisi tunafanya na tochi ya simu?"

"Nipe muda kidogo, Sista."

"Hiyo kidogo ndiyo sina."

Atai akashika tupa ya mviringo. Mkono ulitaka kukimbia, akaukataza. Tupa ikiteleza ikakwaruza pale gia zinapozungukia, pampu ingeharibika, na nyingine haikuwepo. Alikwangua ukingo wote, akaupanua mdomo kidogokidogo mpaka kwenye alama ya grisi. Ndani, Mugeni alilia kwa Kisamia, akimwita mamake. Atai alisikia kila neno. Akaosha pampu kwa dizeli, akapuliza, akaosha tena, maana chembe moja ya chuma ingetafuna beringi zote. Fabiano, bila kuambiwa, akaanza kumpitishia bolti.

Wakafunga pampu na sampu, wakamimina oili nyepesi, ile injini inayoitaka. Atai akawasha.

Geji ilipanda, ikasita, ikashuka chini ya pale ilipozoea kukaa.

"Iko chini," Fabiano alisema, mkono tayari kwenye kizimio. "Nazima. Utaua mtu."

"Toa mkono, Mzee."

Alikuwa ameshafungua kifuniko cha juu. Roka, vile vyuma vinavyosukuma vali, zilicheza mbele yake, kavu. Akagusa kwa kidole: kavu. Nasirumbi alisimama nyuma yake. Kisha oili ikachomoza, nyembamba kama jasho, ikajaa, ikamrukia usoni.

"Sista," alisema Atai, jicho moja limefumba, "pasueni."

Mtoto alilia, wa kike. Mugeni yuko hai. Nje, Fabiano alikaa juu ya kopo la oili, akasema, "Kwa hiyo yule wa mwaka juzi..."

Lakini pampu ile ilitoka kwenye katoni pamoja na nyingine. Hizo zimekwenda vituo vingine, huku Busia mpaka Tororo, zimefungwa zilivyo, na geji zinasoma vizuri. Kituo cha karibu nawe kina jenereta. Inuka sasa, uende. Mwambie fundi aiwashe, afungue kifuniko cha juu ukiwa umesimama hapo. Akikuonyesha geji, kataa. Usipoiona oili kwa macho yako, usiondoke mpaka waifungue ile pampu.