Kadi ya Garbiñe

Barabara ya kupanda mlima Arrigorta ina kona nyingi, na kila kona Nekane alimtupia baba yake, Eustakio, jicho.

"Baba, utapanda kweli na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu. Wewe shika usukani."

Kileleni kuna kisanduku cha chuma. Anayefika huacha kadi yenye jina na anwani yake, kisha huchukua ya aliyemtangulia na kumrudishia kwa posta. Garbiñe, mama yake Nekane, aliacha yake Novemba. Theluji ikafunga mlima, kadi haikurudi, na Januari Garbiñe akafariki.

Barabara ilipoishia, Eustakio alipanda kwa miguu saa tatu nzima, akitukana mawe na kondoo, bintiye nyuma yake. Kisandukuni mlikuwa na kadi moja tu: "Nimefika. Eustakio ananisubiri kwenye gari, mvivu yule!"

Nekane alifuta machozi. "Itie mfukoni, Baba, twende nayo nyumbani."

"Mwizi mimi? Kadi ya mtu hupelekwa posta."

Walipofika mjini Eustakio aliazima kalamu, akaandika kitu kwenye kadi, akabandika stempu na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.

Siku ya tatu tarishi alisimama mlangoni na kadi mkononi. "Mzee, hii... ni ya marehemu."

"Ni yake. Nipe, nampokelea."

Chini ya maneno ya Garbiñe palikuwa na mwandiko wa Eustakio: "Na mimi nimefika. Sasa zamu yako kunisubiri."