Tundu Katika Ukuta wa Fundi

Vistari viwili vyeusi katikati ya kioo cha kile kifaa, basi. Binti yetu alitoa betri, akazipangusa kwa upindo wa kanga yangu, akazirudisha. Vistari vilevile.

"Kimekufa?" mume wangu aliuliza kutoka kitandani.

"Hakijafa, Baba. Hakisikii kile cha nje kinasema nini."

"Basi kimerithi masikio ya mama yako."

Alikuwa mwashi. Hata mimi nilimwita Fundi, tangu siku za uchumba hadi siku niliyomfumba macho. Maisha yake yote aliamka na kutazama mbingu kabla hajaosha uso, maana mvua haina huruma na lipu mbichi. Ugonjwa ulipomlaza, kilichomtesa kuliko maumivu ni kuikosa mbingu ile. Dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani. Kila asubuhi aliuliza nje kukoje, na kila aliyeingia alimjibu kama wanavyojibiwa wagonjwa: kuzuri tu, usiwe na wasiwasi. Hata siku ambayo mawingu yamefunga.

"Mmeanza kunidanganya hali ya hewa," aliniambia. "Najua mnakoelekea."

Binti yetu alimsikia. Mwisho wa mwezi alikuja na kifaa chenye sehemu mbili. Moja aliifunga juu ya nguzo uani, ipime joto, upepo na mvua. Ya pili, yenye kioo, ilipokea habari zile bila waya.

"Hiki hakitakubembeleza, Baba," alisema.

Na sasa, mara ya kwanza kuwekwa chumbani, kilikuwa kimenyamaza. Aliteremsha sehemu ya nje, akaziweka zote mbili juu ya meza ya jikoni, bega kwa bega. Akaitia betri ile ya nje kwanza, kisha ya ndani, tukasubiri. Namba zikaja! Akairudisha ya nje nguzoni, akaibeba ile ya kioo kuelekea chumbani, polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni. Sebuleni namba zilikuwapo. Ukumbini zilikuwapo. Alipovuka mlango wa chumba chetu, zikapotea.

Alirudia tena na tena. Mwishowe akasimama mlangoni akimpa baba yake mgongo, nami nikajua kwa nini hataki kugeuka.

"Mwanangu," Fundi alisema, "gonga huo ukuta."

Akagonga. Fundi alisikiliza, kisha akacheka hadi kikohozi kikamkamata.

Tulipohamia hapa, wezi walikuwa wakitoboa nyumba za watu. Yeye kazi zake zilikuwa za mbali, nami nilikuwa mwoga. Chumba hiki alikijenga kwa matofali safu mbili, na chini ya lipu akazungusha waya wa kuku pande zote, ili nilale usingizi. Nililala kweli. Nilijisifu kwa majirani kwamba hata mchwa kwangu hubisha hodi.

"Kumbe niliwazuia wezi na habari pia," alisema.

"Tukuhamishie sebuleni, Baba."

"Sebuleni ni pa wageni. Leteni tindo langu na nyundo."

Nilidhani ni homa. Lakini alijiinua kwenye mto, akamwelekeza binti yake kwenye ukuta wa upande wa uani. Si hapo, kwenye kiungo cha matofali. Laza tindo kidogo. "Usiupige kwa hasira, haujakukosea." Nilimshika mkono. Kila nyundo iliposhuka, vidole vyake vilijikunja ndani ya vyangu. Vumbi lilitua juu ya shuka, juu ya nyusi zake. Waya ulikatwa kwa koleo. Tundu la matofali mawili likafunguka, na mwanga ukaingia, ukalala kwenye blanketi.

Kifaa kiliwekwa mle tunduni. Tukasubiri. Namba zilipokuja, Fundi alitusomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Alasiri moja, binti yetu akiwa kazini, alifumbua macho. "Mvua."

Nilitazama kioo. "Kinasema bado."

"Kitafika. Nusa."

Harufu ya vumbi lililolowa ilikuwa ikiingia kwa lile tundu. Matone yakaanza kupiga uani, na baada ya kitambo kioo nacho kikaanza kuyahesabu.

"Kimechelewa," alisema, akiona raha. Kisha akanigeukia. "Haya, mke wangu. Daktari alisemaje?"

Nilimwambia. Yote. Alinisikiliza kama alivyozoea kutazama mawingu, akipima ni kazi ipi itawahi kwisha na ipi iachwe.

"Ahsante," alisema. "Sasa nifunike miguu."

Baada ya mazishi, mzee mmoja aliyefanya naye kazi alikuja na ndoo ya saruji na matofali mawili, bila kuitwa, aje kuliziba lile tundu. Nilimkaribisha chai. Nikamwomba atie tu ukingo mdogo kwa nje, maji yasiingie. Alilitazama tundu kwa muda, akatia ukingo, akauchukua mzigo wake akaenda.

Betri zimekwisha siku nyingi. Asubuhi nakiweka kifaa kando, nainama pale tunduni, namwambia Fundi nje kukoje. Kama mawingu yamefunga, namwambia yamefunga.