Mstari wa Samawati Ukumbini Kaloleni

Mabwana wa kiwandani kwetu walituambia fizikia si ya watu wa mtaa wa Kaloleni. Sijamsahau hata mmoja wao. Ndiyo maana Jumamosi ile ya 1977 tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi yetu wenyewe, ili Lusweti, msaidizi wa maabara chuoni, atuonyeshe walichokuwa wanatuficha.

Alileta globu ya kioo, kubwa kama kichwa cha mtoto, iliyonyonywa hewa ikaachiwa gesi kidogo. Alipowasha, mstari wa samawati ulisimama humo ndani, mwembamba kama uzi.

"Hizo ni elektroni zinakimbia," akasema. "Zikigonga atomu, atomu inameza nguvu kidogo, halafu inaitema iwe mwanga. Na kwa kuwa zote zinatoka upande mmoja, mwanga wenyewe unatikisika zaidi upande mmoja."

"Wewe Lusweti, hata mimi nikigongwa nawaka!" Phelister, muuza mitumba, akapiga kelele. Ukumbi ukacheka.

Lusweti akapunguza umeme, elektroni zigonge polepole, akatoa kioo cha miwani ya jua, ya aina inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Ukikigeuza mbele ya jicho, alisema, mstari utafifia, kisha utarudi. Wa kwanza kujaribu alikuwa Wacera, fundi cherehani wa Jericho, mtaa wa jirani. Muturi, aliyetuongoza kwenye mgomo wa kiwanda cha betri, alikuwa apeleke wazee kwao Wacera mwezi ule kumposa.

"Sioni tofauti," Wacera akasema.

"Unageuza haraka." Lusweti akamshika kifundo cha mkono, akauzungusha mkono taratibu. "Ngoja... hapo."

"Ai! Umefifia!"

Mkono haukuachwa upesi. Au uliachwa upesi. Muturi hakuona kingine ila vile vidole.

"Hebu lete." Akageuza. Nilikuwa bega kwa bega naye, nikasikia pumzi yake ikikatika. Akageuza tena. "Ndugu zangu, hakuna kitu. Mwanga ni ule ule. Huyu katumwa na mabwana atuchezee akili."

Wakati wa mgomo tulikuwa tumelala njaa kwa neno la Muturi. Njogu, mwenzetu wa kiwandani, akatazama bila hata kugeuza kioo, akasema kweli, hakuna kitu. Aliyemfuata vivyo hivyo. Mtu akavuta blanketi, mchana ukaingia, mstari ukapotea. Lusweti akaanza kukunja nyaya zake.

Wacera alimfuata Muturi mlangoni.

"Uliona."

"Nimesema sikuona."

"Uliona, Muturi. Umewafanya watu wazima waseme hawana macho, kwa sababu ya mkono wangu?"

"Kwani mkono wako ni wa kushikwashikwa?"

"Waambie wazee wasije."

Akashika njia ya Jericho, peke yake. Lusweti alikuwa bado ndani, amepiga magoti, anaifunga globu kwenye shuka. Muturi alimtazama yeye, akamtazama Wacera akienda, kisha akapaza sauti hadi wacheza drafti wa nje wakageuka:

"Mmepanga kukutana wapi?"