Ukisifia, Gusa

Mwenye mabinti wawili asome haya kabla hajawagawia kitu. Mimi niliwagawia mbegu.

Zilikuwa za marehemu mume wangu, Eusebio, mbegu za nyanya alizokuja nazo kutoka kwao Michoacán, na hazikubaki nyingine. Nusu nikampa Chayo, mkubwa, anayekaa mtaa wa pili. Nusu nikampa Nereida, mdogo, ninayeishi naye hapa Oxnard, pwani.

Juni hii wingu la bahari limetukalia asubuhi hadi jioni. Jua tunalisikia kwa wenzetu wa bondeni. Majani hayakauki. Miche ya Chayo ikaingia madoa meusi, akawa anaing'oa mmoja mmoja. Ya Nereida imesimama kifua mbele kando ya ukuta, imejaa matunda ya kijani.

Jumapili Chayo akaja moja kwa moja kutoka bustanini kwake, hata mikono hajanawa. Akaitazama miche ya mdogo wake mpaka kahawa niliyompa ikapoa.

"Imependeza," akasema. "Wewe ndiye mwana wa kweli bwana. Hata mbegu za baba zinakujua."

"Dada, usianze."

"Nimeanza nini? Nimesifia tu."

"Basi ukisifia, gusa! Usiniachie jicho lako hapa."

Kwetu ndivyo. Ukimsifia mtoto wa mtu, au mmea wake, unagusa, jicho la husuda lisije likadhuru.

Chayo akanigeukia. "Mama, umemsikia? Kasema mwenyewe niguse."

"Gusa, mchawi wee!" Nereida akacheka.

Akagusa. Si jani moja kama watu wanavyogusa. Alipita mche kwa mche, kwa mikono miwili, akipapasa majani yaliyolowa kutoka chini hadi juu, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Wiki haikuisha, madoa yakatokea. Nereida analia, anasema ni jicho. Chayo anaapa: "Jicho gani, na niligusa? Mama si alikuwepo?"

Kweli aligusa. Lakini wote wawili wamelelewa na Eusebio, na siku za wingu kama hizi alikuwa akiwafukuza kwenye nyanya zake: "Tokeni humo! Mkono uliotoka kwenye mche mgonjwa unabeba ugonjwa, na jani likilowa linaupokea." Nereida hofu ya jicho ilimsahaulisha. Chayo, sijui. Nilimfuata jikoni nikamwuliza, "Mwanangu, ulikumbuka maneno ya baba yako?"

Akafungua bomba, akaosha mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Yeye mwenye nyanya alikumbuka?"

Basi, hawasalimiani. Mimi nimeokoa tunda moja. Linaiva dirishani chumbani kwangu, nyuma ya pazia, na sijamwambia yeyote. Mbegu zake safari hii sigawi. Nitapanda mwenyewe, na anayetaka kusifia, hata awe wa tumbo langu, asifie akiwa barabarani.